Kocha Aliyefunika Mdomo

Mama alikuwa ameapa kwamba hakuna kocha atakayekanyaga tena nyumbani kwake, ukimtoa baba, na baba alisamehewa tu kwa sababu tayari alikuwa ndani. Kwa hiyo Jumapili ile ya Januari, nilipomwona anatandika mezani kitambaa cheupe cha Krismasi kwa ajili ya Thad Gaines, nilijua kuna jambo. Mama yangu hamtandikii mtu kitambaa cheupe bure.

"Atakula kuku wa paprika?" aliniuliza.

"Atakula hata sufuria, mama. Anaishi kwa sandwichi za ofisini."

"Ndiyo maana amekonda hivyo. Haya, nenda kamwamshe baba yako, na umwambie avae shati lenye vifungo vyote."

Msimshangae mama. Baba alifundisha mpira, mpira wetu huu wa kofia ngumu na kugongana vifua, tangu kabla sijazaliwa. Katika kazi hiyo kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake wote wanafungasha naye, na wakubwa wa baba walikuwa wakifukuzwa kama waliorogwa. Tuliishi Kansas, tukaishi Idaho, tukaishi mahali pengine ambapo mimi nakumbuka zulia lake tu. Mwishowe mama alirudi hapa Toledo, mji aliozaliwa, akatua mizigo sebuleni kwa bibi na kusema, "Feri, mimi nimefika. Ukitaka endelea na mpira wako." Baba akaacha mpira, akaenda kuuza matairi.

Na mimi Ilona, binti yao wa pekee, kati ya wanaume wote wa Ohio nikaenda kumpenda kocha.

Tena kocha mdogo kabisa. Thad alikuwa msaidizi wa wasaidizi katika timu yetu, Vioo vya Toledo, ile ambayo ikifungwa miji mingine hutuuliza kama tumeshazoa vipande. Kazi yake ilikuwa kukata video za wapinzani na kuchora mipango yao kwenye kadi, tangu alfajiri hadi macho yawe mekundu. Hajafika miaka thelathini, mtoto wa Mississippi, mpole, mwenye goti moja bovu lililomtoa uwanjani akiwa chuo kikuu. Alikuwa mdakaji, wale wanaokimbia mbele kuuwahi mpira hewani. Akiongea habari za wadakaji, macho yake yanawaka mpaka unamwonea wivu.

Lakini mimi nilimpendea mdomo. Chekeni mkitaka. Mimi ni kiziwi, neno ambalo mama halipendi. Yeye husema "hasikii vizuri sana". Nilipokuwa mdogo nilipata homa ya uti wa mgongo, ikaniachia uhai ikachukua masikio. Sikio la kushoto lina kifaa kinachoniletea makelele, lakini maneno nayasoma mdomoni mwa mtu. Na Thad huongea kama watu wa kwao, taratibu, kila neno analimaliza kabla ya kuanza lingine. Kumsoma ni raha tupu.

Shida ilikuwa moja tu. Pembeni mwa uwanja makocha wetu huongea wakiwa wamefunika midomo kwa karatasi ya mipango, maana wapinzani huweka watu wa kusoma midomo. Mazoea hayo yanawaingia mwilini. Mara ya kwanza Thad kuniambia nimependeza, tulikuwa mgahawani, na alikuwa amejifunika mdomo kwa menyu. Niliipokonya nikamwambia, "Mimi si timu pinzani." Alicheka mpaka watu wakageuka, kisha akashika mkono wangu akaapa kwamba kwangu hatafunika tena.

Na alikuwa ametimiza, hadi siku ile.

Alikuja na maua kwa mama na chupa ya mvinyo kwa baba, theluji mabegani. Mama alimtazama juu mpaka chini.

"Karibu. Vua viatu."

"Asante, mama."

"Mimi si mama yako bado."

"Ndiyo, mama," alisema Thad, na baba akakohoa ili asicheke.

Tulikaa. Mama akapakua kuku na nokedli, vidonge vyake vya unga ambavyo hampi mtu kichocheo chake, hata mimi. Thad alikula kama mtu aliyetoka vitani. Nilimwibia macho, naye akaniibia, tukakutana katikati na nikaona haya kama msichana wa shule. Ee Mungu, nilimpenda yule mtu.

"Mkataba wako unaisha lini?" mama aliuliza.

"Margit, hata mchuzi hajamaliza," baba alisema.

"Sikukuuliza wewe."

"Mwisho wa mwezi, mama," Thad alijibu. "Kocha wetu mkuu anataka nibaki. Kazi ileile."

"Ya kukata video?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi nzuri. Mtu anatulia." Mama akamwongezea nokedli, kijiko kizima. Nikashangaa. Mama kusifia kazi ya mpira? Kisha akanigeukia akiwa na uso mtamu. "Mwanangu, hebu shuka chini ukatuletee matango ya siki."

Nilishuka, nikapanda. Nilipoingia nikawakuta wote watatu kimya. Watu wanadhani asiyesikia hajui kimya. Sisi tunakijua kuliko wote, maana tunakiona. Baba alikuwa anachunguza uma wake kana kwamba amekabidhiwa leo. Thad alikuwa anatazama sahani. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna.

"Kuna nini?"

"Hakuna," ilisema midomo mitatu kwa pamoja.

Hapo simu ya Thad ikatetemeka juu ya kitambaa cheupe. Akaitazama, akabadilika rangi. "Samahani, mama. Lazima nipokee." Akaenda kwenye korido, mahali ambapo nilikuwa namwona vizuri, akaweka simu sikioni. Na kabla ya kusema neno akanitazama mimi, akachukua karatasi ya matangazo ya kanisa kutoka kwenye rafu, akajifunika mdomo.

Kumtazama mtu ninayempenda akinifungia mlango usoni! Mkate uliniganda mdomoni.

"Ni mazoea tu, binti yangu," baba alisema, akinigusa mkono.

"Hapana, baba. Amenitazama kwanza."

Aliporudi alikaa, akakunja vizuri kitambaa cha mapajani ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Nani?" nikauliza.

"Kazi tu."

"Kazi gani, Jumapili?"

Akainua kile kitambaa kama anayefuta mdomo, na nyuma yake nikaona mashavu yakicheza. Alikuwa ananijibu. Alikuwa ananijibu nyuma ya kitambaa!

Nilisimama, nikachukua koti na kutoka nje barazani. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu juu ya gari la baba. Sikuwa nimemaliza kufunga vifungo Thad akatokea, ndani ya shati tu na soksi.

"Ilona, utapata baridi."

"Mwenye soksi kwenye theluji ni nani? Nitazame. Nitazame vizuri, Thad, na useme. Una mwanamke mwingine?"

"Nini? Hapana! Jamani, Ilona!"

"Basi ni nini cha kunifichia mdomo mezani kwa mama yangu, mbele yangu, baada ya kuniapia?"

Alivuta pumzi, ikatoka nyeupe. "Ni Tucson," akasema. "Timu ya Tucson, kule kwenye joto la jangwa. Wananitaka nikafundishe wadakaji."

Hasira zote zikanitoka. Nilimrukia shingoni. "Wadakaji! Thad! Wadakaji wako mwenyewe! Si ndiyo uliyokuwa unaiombea kila siku? Lini? Kwa nini hukuniambia, mjinga wewe?"

Hakunishika. Mikono yake ilining'inia tu. Nikarudi nyuma nimwone.

"Nimekataa," alisema.

"Umefanyaje?"

"Nimekataa. Sasa hivi, pale kwenye korido."

Nilidhani nimesoma vibaya. Hutokea, hasa theluji ikianguka. Nikamwomba arudie, akarudia, na maneno yalikuwa yaleyale.

"Kwa nini?"

Macho yake yalikimbilia dirishani. Nikageuka upesi, nikaliona pazia la sebuleni linaanguka mahali pake.

"Mama amekuambia nini?"

"Tuingie ndani, Ilona, miguu yangu..."

"Miguu ing'oke. Mama amekuambia nini?"

Akajikumbatia. "Baba yako ana rafiki ambaye yuko Tucson. Akasikia kwake kwamba wananitaka, akamwambia mama, na mama akanipigia simu Alhamisi. Alilia. Aliniambia nikikupenda nisikutoe hapa. Kwamba uliugua mkiwa mmehama juzijuzi tu, na hakujua hata hospitali iko wapi. Leo ulipofuata matango akaniuliza nimeamua nini. Ilona, yeye ni mama yako. Nikafikiri, nikikataa kimyakimya hutajua, na usipojua hutaumia, wala hutajiona umenizuia."

"Kwa hiyo umenifikiria."

"Ndiyo."

"Mkafikiria wewe na mama. Mkanipangia, mkanimalizia, mkanituma matango!" Nilikuwa napiga kelele, nilijua kwa sababu mbwa wa jirani alisimama. "Thad, unajua maisha yangu? Daktari ananipima mimi, anaongea na mama. Mhudumu wa mgahawa anamuuliza niliyekaa naye, 'Yeye atakula nini?' Maisha yangu yote watu wananijibia, wanageuka pembeni wanakubaliana, halafu wananiletea tabasamu. Wewe ulikuwa tofauti. Unakumbuka ulichoniambia siku ya kwanza? Uliniuliza nataka ukae upande gani wa meza ili nikuone vizuri. Nilirudi nyumbani nikalia. Nilipata mtu anayeniuliza! Na leo umekuwa kama wao."

Aliinamisha kichwa, theluji ikamjaa kwenye nywele. Alipokiinua macho yalikuwa yamelowa.

"Nisamehe. Nilidhani ndiyo mapenzi."

"Mapenzi gani ya kujadiliwa nisipokuwepo?"

"Nipige magoti?"

"Usipige magoti, utaharibu na lile zima," nikasema, na yule mshenzi akatabasamu, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikataka kumvika koti langu. "Ingia ndani. Sijamaliza. Kuna mwenzako."

Mama alikuwa amesimama karibu na meza na sahani mikononi, akijifanya anatoa vyombo. Nilizichukua zile sahani nikaziweka chini.

"Mama, mwambie Thad ulichomwambia Alhamisi. Mwambie sasa, mimi nikiwa hapa."

"Ilona, mbele ya mgeni..."

"Mgeni ndiye uliyempigia simu."

Midomo yake ilitetemeka. Nilikuwa nimemwona mama amekasirika mara nyingi kuliko nywele zangu, lakini hivi sikuwa nimemwona. "Ulikuwa unaungua," alisema. "Maboksi mpaka darini. Sikujua hata swichi ya taa iko wapi. Baba yako alikuwa safarini na timu. Nilikubeba nikagonga nyumba za watu nisiowajua, nikiuliza hospitali, na wa kwanza akanifungia mlango akidhani nimelewa. Tungekuwa hapa ningempigia daktari aliyenizalisha. Ungefika mapema. Leo ungekuwa unasikia." Akajifuta uso kwa aproni. "Sitaki mtu akubebe tena akakupeleke mahali ambapo hakuna anayekujua."

Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi kana kwamba yeye ndiye aliyetoka kwenye theluji badala yangu.

"Labda ningesikia," nikamwambia. "Labda nisingesikia vilevile. Mama, miaka yote hii unajibebesha hilo peke yako?"

"Si peke yake," baba alisema. Alikuwa hajainuka kitini. Mama akamtazama kama aliyekuwa hajamwona kwa muda mrefu.

"Lakini nisikilizeni," nikasema. "Mimi si yule mtoto. Nina kazi yangu ya ualimu, nina watoto ishirini darasani wanaonitegemea, na nikiugua najua kutafuta hospitali. Nitakaa Toledo, au nitaondoka, au nitaenda kuishi mwezini. Lakini mtaniuliza."

Nikamgeukia Thad.

"Piga simu. Ya video, nimwone anachosema."

"Nimeshamkatalia, Ilona. Watu hawa hawarudi nyuma."

"Basi akukatalie na yeye mbele yangu. Piga."

Akapiga. Tuliegemeza simu kwenye chupa ya mvinyo. Ikatokea sura kubwa nyekundu yenye mustachi, kocha mkuu wa Tucson, Wendell Ostrander, akiwa amevaa kaptula barazani kwake Januari hii hii. Baba alipoiona kaptula alitikisa kichwa kwa wivu.

"Gaines," alisema. "Umeshaniambia hapana. Nimempigia mwingine."

Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Nilimtazama Thad, nikaona anavyomeza mate, na hapo nikajua ameitaka kazi ile kiasi gani, na ameitupa kwa ajili yangu kwa uchungu gani.

"Amekubali, kocha?" Thad aliuliza.

"Hajapokea. Mkewe anasema yuko kanisani. Una mpaka ibada iishe. Ulikataa kwa nini?"

"Nilimjibia mchumba wangu bila kumuuliza."

Mchumba! Nilimtazama mama, mama akanitazama. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amewahi kutamka neno hilo. Thad mwenyewe alionekana kushtuka lilipotoka, lakini hakulirudisha.

"Sasa unangoja nini?" Ostrander alisema. "Muulize. Mimi nipo, nakaanga nyama."

Thad akanigeukia. Alikuwa na soksi zilizolowa zinazochuruzika kwenye zulia la mama, na shati limemganda mgongoni. Akajisogeza mpaka taa ikamwangaza uso vizuri, akaweka mikono yake kwenye magoti, mahali ninapoiona.

"Ilona Vargo," alisema, taratibu kuliko siku zote. "Nataka kazi ya Tucson. Naitaka sana. Na nakutaka wewe kuliko hiyo. Sijui kama mtu kama mimi anaweza kupata vyote viwili. Katika kazi hii naweza kufukuzwa mwakani tukahama tena. Sitakudanganya. Unasemaje?"

Unasemaje. Mnajua ni neno dogo kiasi gani? Nilikaa nalo kidogo. Sikuwa na haraka. Baba alikuwa ameacha kupumua, mama alikuwa ameshika kiti, na kule Tucson nyama ilikuwa inaungua, moshi naona. Waache wangoje. Walikuwa wanangoja jibu langu mimi.

"Nina masharti," nikasema.

"Yaseme."

"Sitaacha darasa langu katikati ya mwaka. Wewe nenda sasa. Mimi nitakuja Juni, shule zikifungwa. Huko kuna shule ya viziwi, nzuri, naijua. Nitaomba kazi kwa jina langu na kwa miguu yangu. Nisipoipenda Tucson nitakwambia, na tutakaa chini tuongee upya. Wote wawili, mchana, mezani."

"Ndiyo, mama," alisema Thad, kwa mazoea, kisha akajishika kichwa. "Ndiyo, Ilona. Ndiyo!"

Nilicheka, nikambusu mbele ya wazazi wangu na mbele ya kocha mkuu wa Tucson. Alikuwa na ladha ya paprika na theluji.

"Gaines," Ostrander alisema nilipomwachia, "uwe hapa Jumatano asubuhi. Acha makoti." Na skrini ikazimika.

Baba aliinuka, akampa Thad mkono, kisha akashindwa na mkono akamkumbatia. Akaanza kumuuliza wadakaji wa Tucson ni akina nani, nani ana mikono mizuri, nani mwoga, na wote wawili wakasahau kabisa kwamba mimi nipo. Sikuwalaumu. Nilimtafuta mama kwa macho. Hakuwepo.

Mlango wa kushukia chini ulikuwa wazi. Nikaogopa amekwenda kulia peke yake, nikawa naelekea huko, ndipo akatokea ngazini akiwa amekumbatia mzigo unaomzidi upana: maboksi, yamekunjwa bapa, yamefungwa kwa kamba, yenye majina ya miji yetu yote ya zamani kwa mwandiko wake.

Baba alikatiza habari za wadakaji. "Margit. Uliniambia uliyachoma."

"Nilikuambia mengi," mama alijibu. "Shika huku, mgongo unaniuma."